Je, Asambazaye Video Alazimike Kuandika Muhtasari?

Utangulizi

Sehemu kubwa ya mazungumzo ambayo zamani Waswahili waliyafanya barazani, kwenye vijiwe vya kahawa, katika vyumba vya walimu na katika safu za barua za magazeti, hivi sasa hufanyika kwa simu. Yapo makundi ya walimu wa Kiswahili, ya washairi, ya ukoo, ya waumini, ya wakulima wa korosho, na ya Watanzania na Wakenya waishio Muscat, London au Houston. BAKITA limekwisha kutupatia istilahi ya kundi sogozi kwa mkusanyiko wa aina hii, ingawa wanakundi wenyewe wanaendelea kusema "grupu" bila wasiwasi wowote. Katika makundi hayo hutumwa maandishi, picha, sauti na, kwa wingi unaozidi kila mwaka, video: mihadhara, hotuba za kisiasa, mahojiano, mawaidha, ngoma, vichekesho, na ushuhuda wa watu wasiojulikana kuhusu mambo yasiyothibitika.

Makala haya yanahusu sharti moja ambalo baadhi ya jumuiya za mtandaoni zimeliweka na ambalo wanajumuiya wengine hulipinga vikali, nalo ni kwamba mtu asilete video mbele ya wenzake bila kuambatisha maelezo mafupi ya maandishi kuhusu yaliyomo. Waliokubali sharti hilo huliona kuwa ni adabu. Wanaolikataa huliona kuwa ni ukiritimba wa wasomi. Msimamo wetu ni kwamba sharti hilo ni la haki, lakini mjadala wake umekwenda upogo kwa sababu pande zote mbili zimeichukua dhana ya muhtasari kwa maana moja tu, ile ya darasani, na kuisahau nyingine iliyo karibu zaidi na jambo lenyewe.

Muhtasari upi?

Neno muhtasari, lililotufikia kutoka Kiarabu, lina kazi zisizopungua tatu katika Kiswahili cha leo. Katika shule za Tanzania, muhtasari ni mwongozo wa yale yatakayofundishwa katika somo. Ofisini na katika vyama, muhtasari ni kumbukumbu za kikao. Na katika matumizi ya jumla ni maelezo mafupi ya habari ndefu, yaani kile ambacho walimu wa lugha hukiita ufupisho na ambacho majarida ya kitaaluma hukiita ikisiri.

Mtu aliyesoma Kiswahili shuleni akiambiwa "andika muhtasari wa video hii", mara moja hufikiria ufupisho wa mtihani. Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya (KCSE) chini ya mfumo wa 8-4-4, mathalani, Karatasi ya Pili ya Kiswahili imeutengea ufupisho alama 15. Mtahiniwa hupewa matini na idadi ya maneno asiyopaswa kuizidi, naye huadhibiwa akiizidi. Zoezi hili lina faida zake na hatuna nia ya kulibeza. Lakini tuangalie nani humwandikia nani. Mtahiniwa humwandikia mtahini, na mtahini amekwisha kuisoma matini ile mara nyingi, tena ana orodha ya hoja mkononi. Ufupisho wa darasani, kwa hiyo, huandikwa na asiyejua sana kumwandikia ajuaye zaidi, na shabaha yake ni kuthibitisha kwamba mwandishi ameelewa. Si ajabu kwamba watu wazima huona haya kurudishwa katika hali hiyo mbele ya shemeji na watoto wa ndugu zao. Anayelalamika kwamba "hapa si shuleni" ana hoja.

Hali ya mtu aletaye video katika kundi ni kinyume kabisa cha hiyo. Yeye ndiye ajuaye, au angalau ndiye aliyepaswa kujua, na wenzake ndio wasiojua. Mfano unaomfaa ni wa katibu wa kikao. Katibu haandiki ili apewe alama. Huandika kwa sababu wapo wajumbe ambao hawakuhudhuria, na wapo waliohudhuria ambao watasahau. Muhtasari wake hueleza kikao kilifanyika wapi na lini, nani alikuwepo, nani alisema nini na nini kiliamuliwa. Jambo la maana zaidi ni kwamba muhtasari huo si neno la mwisho. Kikao kinachofuata huanza kwa kuusoma na kuuthibitisha, na mjumbe yeyote anaweza kunyoosha mkono na kusema, "Ukurasa wa pili, Mwenyekiti, mimi sikusema hivyo", na ukasahihishwa mbele ya wote. Baada ya hapo ndipo huja yatokanayo. Kila mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya shule, chama cha ushirika au kamati ya harusi anaujua utaratibu huu, awe amesoma hadi chuo kikuu au ameishia darasa la saba. Hatuhitaji kuuazima popote.

Gharama na mlipaji

Hoja ya kwanza ya kuunga mkono sharti hili ni ya hesabu tu. Kutuma video kwa kundi zima ni kazi ya kidole kimoja na haimalizi sekunde tano. Tuchukue kundi la watu 200 na video ya dakika 12. Wote wakiitazama, kundi limetumia saa 40 za maisha ya watu, muda wa juma zima la kazi la mtu mmoja. Hata ikiwa ni robo yao tu waliotazama, ni saa 10. Aya ya maneno 100 husomwa katika muda usiofika dakika moja, na mwandishi wake, hata akiwa mzito wa kuandika, ataimaliza kwa robo saa. Hatuoni ni kwa msingi gani dakika 15 za mtu mmoja ziwe na thamani kuliko saa 40 za wenzake.

Zaidi ya muda kuna bando. Aya ya maneno 100 haijazi hata kilobaiti moja, ilhali video ya dakika 12 huweza kula makumi ya megabaiti. Kwa mhadhiri aliye kwenye mtandao wa chuo tofauti hiyo si kitu. Kwa mwalimu wa shule ya kata anayenunua bando la siku, video tatu za namna hiyo zaweza kummalizia kifurushi kabla ya adhuhuri, na bado hajui kama ilikuwapo hata moja iliyomhusu. Katika kundi mojawapo la walimu tunalolifahamu, ambalo hatutalitaja, ililetwa video ya zaidi ya saa moja ikiwa na neno moja tu la utangulizi: "Muhimu!" Ilikuwa na dakika nne za mambo muhimu, nazo zilikuwa karibu na mwisho. Waliofika huko walikuwa wachache, na hawakuwa wale waliozihitaji zaidi.

Hoja ya pili inawahusu watu ambao hawatajwi kabisa katika mabishano haya, nao ni viziwi. Video ya mtu anayezungumza, isiyo na maandishi chini yake wala mkalimani wa lugha ya alama, kwa kiziwi ni picha ya midomo inayochezacheza. Kiziwi anayejua kusoma angeweza kushiriki katika mjadala sawasawa na wengine endapo angepewa aya moja. Tunapomnyima aya hiyo, hatumwambii kwamba hatakiwi kundini, ila matokeo yake ni yale yale.

Hoja ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa taaluma ya Kiswahili, nayo haijapewa uzito unaostahili. Maneno yaliyosemwa ndani ya video hayatafutiki. Mtu akiandika leo katika kisanduku cha kutafutia jina la ugonjwa wa mihogo au istilahi ya sarufi, atapata maandishi yaliyoitaja. Hatapata mkulima wa Rufiji aliyeueleza ugonjwa ule kwa dakika kumi kwa Kiswahili fasaha, ikiwa video yake imepewa jina la namba tu au la sifa tupu. Wengi wetu tumekuwa tukilalamika kwamba Kiswahili kina maandishi machache ya sayansi, ya kilimo na ya sheria. Ni kweli. Lakini kwa upande wa mazungumzo, kila siku mambo hayo yanasemwa kwa Kiswahili na watu wayajuao, na usemi huo unahifadhiwa katika vyombo ambavyo si rahisi kuufikia. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo imewasaidia watafiti wengi, kwa kiasi kikubwa inatokana na matini andishi, yakiwemo magazeti na vitabu. Mtunga kamusi anayetegemea matini ya namna hiyo hukutana na lugha ya mwandishi wa habari mara elfu kabla ya kukutana na lugha ya fundi wa mashua mara moja. Kama kila fundi aliyerekodiwa angeambatana na sentensi nne za maandishi zikitaja alichokieleza na maneno aliyoyatumia, tungekuwa na faharasa kubwa ya lugha hai isiyomgharimu mtu hata senti.

Yupo atakayesema kwamba kazi hiyo sasa yaweza kuachiwa mashine, kwa kuwa zipo programu ziwezazo kusikiliza sauti na kutoa muhtasari kwa sekunde chache, hata kwa Kiswahili. Zitumike, hatuzikatai. Lakini mashine iliyojifunza zaidi Kiswahili cha vyombo vya habari haitegemewi kumsikia sawasawa bibi wa Makunduchi au mzee wa Lubumbashi, na hata ikimsikia, haiwezi kuulizwa swali katika kundi. Kinachotakiwa ni mtu wa kujibu.

Mwalimu Sikujua na beti za Muyaka

Wapinzani wa sharti hili hupenda kusema kwamba utamaduni wetu ni wa masimulizi, na kwamba kudai maandishi juu ya kila kauli ni kuleta desturi ya kigeni. Dai hili halina mizizi katika historia ya fasihi yetu. Watunzi wengi wa tenzi za kale hawakutoa utenzi uchi. Waliuvika dibaji, wakataka waletewe karatasi na wino, na walipofika tamati wakajitaja majina, mara nyingi wakitaja na tarehe na hesabu ya beti, ili mnakili asije akapunguza wala kuongeza. Hayo yote ni maelezo kuhusu matini, na yaliwekwa na watu waliojua kwamba kazi yao itasafiri kwenda mahali ambapo wao wenyewe hawatakuwepo kuieleza.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilizaliwa na matukio: ugomvi wa Mombasa na Lamu, uhasama wa Mazrui na Seyyid Said, njaa, majibizano na washairi wenziwe, mapenzi, kejeli za mitaani. Zilisambaa kwa midomo, kama ambavyo leo klipu husambaa kwa simu, na kila aliyezipokea katika kizazi kile alijua nani anapigwa kijembe. Lakini utawala wa Mazrui ulianguka mwaka 1837, walioshuhudia wakaanza kufa, na mafumbo yakabaki bila wenyewe. Aliyeziokoa tungo hizo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Alizikusanya kutoka kwa watu waliozikumbuka, na akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor zikaandikwa pamoja na maelezo kuhusu maana zake na mambo yaliyosababisha zitungwe. Hati za Taylor zilifika London, William Hichens akatoa diwani mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatupatia uchambuzi wake mkubwa mwaka 1979.

Tunaomba wasomaji watafakari jinsi diwani hiyo ingekuwa leo kama Mwalimu Sikujua angekusanya beti peke yake. Tungekuwa na mizani na vina visivyo na kasoro, na tusingejua ni kwa nini mtu fulani anaitwa kwa jina la mnyama. Wataalamu wangekuwa wanabishana juu ya ubeti mmoja kwa miaka hamsini, jambo ambalo, tukubali, wangelifurahia.

Na hapa pana tofauti ambayo sharti letu halina budi kuiheshimu. Maelezo yaliyotolewa kuhusu tungo za Muyaka hayakuwa ufupisho wa tungo hizo. Ubeti hauwezi kufupishwa, kwa sababu hauna maneno ya ziada. Kilichoelezwa ni muktadha: nani, kwa nani, lini, kwa sababu gani. Kwa kufuata mfano huo, tunapendekeza kwamba video ya kazi ya sanaa, iwe ni taarabu, ngoma, ngonjera, mchezo wa kuigiza au mzaha, isidaiwe muhtasari wa yaliyomo. Anayesema "mwimbaji anaeleza kwamba ameachwa na mpenziwe" hajatusaidia kitu na amemkosea mwimbaji. Lakini idaiwe kitambulisho: mwimbaji ni nani ikiwa anajulikana, kikundi gani, mahali gani, mwaka gani ikiwezekana, na ikiwa mletaji hajui, aseme hajui. Mkusanyaji yeyote wa fasihi simulizi aliyewahi kukuta sanduku la kanda zisizo na lebo anajua uchungu tunaouzungumzia. Sauti ya fanani ipo, kicheko cha hadhira kipo, hata jogoo wa jirani anasikika, lakini hakuna ajuaye kama ni Tumbatu au ni Kilwa.

Uongo na vitenzi vyake

Video huaminiwa kwa urahisi kuliko maandishi kwa kuwa mtazamaji hudhani ameona kwa macho yake. Hapo ndipo uongo hupenya. Mara nyingi uongo huo hauhitaji ufundi wowote: video ya ghasia za nchi moja hupelekwa nchi nyingine, au ya mwaka uliopita hutumwa kana kwamba ni ya asubuhi ya leo. Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, simu zetu zilijaa watu waliovaa makoti meupe wakitangaza tiba, na wengi wao hatukuwahi kujua walikuwa nani.

Sharti la muhtasari haliwezi kumzuia mwongo aliyekusudia, kwa kuwa ataandika muhtasari wa uongo. Lakini wengi wanaosambaza uongo si waongo. Ni watu wema wenye haraka. Ushahidi upo kwamba kikwazo kidogo huwatuliza. Mwezi Aprili 2020 WhatsApp iliweka kanuni kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi uweze kupelekwa kwa kundi au mtu mmoja tu kwa wakati, na baadaye mwezi huo huo kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Twitter nayo, ilipoanza mwaka huo huo kuwauliza watumiaji kama wangependa kuisoma makala kabla ya kuisambaza, ilieleza kwamba walioulizwa waliifungua makala mara nyingi zaidi kwa asilimia 40. Hizo ni takwimu za kampuni zenyewe na zichukuliwe hivyo. Hata hivyo, zinaelekea upande ambao akili ya kawaida ingeutarajia. Anayelazimika kuandika "video hii ilichukuliwa mahali fulani, tarehe fulani" hujikuta akijiuliza swali ambalo hakuwa amejiuliza.

Mwanaisimu ataongeza kwamba namna muhtasari unavyoandikwa huonyesha haraka uzito wa habari. Tofauti kati ya alisema, alidai, alikiri, alikanusha na alionya si ya mapambo. Anayeandika kwamba mtu "alikiri" amekwisha kumhukumu. Hatari zaidi ni inasemekana, kitenzi ambacho sarufi yetu imekijalia uwezo wa kumficha mtenda kabisa. Tungependa kuona kundi ambalo kanuni yake ya kwanza ni kwamba inasemekana haikubaliki katika muhtasari: aliyesema atajwe, au isemwe wazi kwamba hajulikani.

Pingamizi

Katika pingamizi zilizotolewa, mbili tu zinatuhangaisha.

Ya kwanza ni kwamba muhtasari hula asili yake. Watu wakipewa aya, hawatatazama video, na baada ya muda aya ndiyo itakayokumbukwa. Jambo hili ni kweli, na halikuanza na simu. Wanazuoni wa mwambao waliosoma fikihi ya Kishafii wanaijua Minhaj ya Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13. Kitabu hicho ni mukhtasari wa Muharrar ya Rafii, nacho kilipata umaarufu mkubwa kuliko chimbuko lake, hata vizazi vilivyofuata vikaandika sherehe juu ya mukhtasari badala ya kurudi kwenye asili. Lakini Nawawi aliposahihisha au kuongeza neno, alionyesha kuwa ni lake. Kinga, kwa hiyo, si kuacha kufupisha, bali ni kutenganisha kauli ya msemaji na ya mfupishaji, na kuonyesha dakika ambamo kila dai linapatikana ili mwenye shaka aende akasikilize mwenyewe. Aidha, tukumbuke kwamba katika hali ya sasa wengi hawatazami video wala hawasomi chochote. Husoma kichwa chake, kisha hugombana.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wapo watu wenye mengi ya kutuambia ambao kuandika kwao ni taabu: wazee ambao hawakupata shule, mafundi, wakunga wa jadi, watu wanaosema Kiswahili kwa ufasaha ambao sisi wenye shahada hatuukaribii. Sharti la maandishi likitumiwa bila huruma litawafunga mdomo, na kundi litabaki na wanaojua kuandika ripoti. Hatuna budi kukiri kwamba wengi wa wanaolipigania sharti hili ni watu wa aina yetu, ambao aya haiwagharimu kitu.

Jibu letu linatokana tena na kikao. Katika kikao, asemaye si lazima awe ndiye aandikaye. Mzee husema, katibu huandika, na hakuna anayemwona mzee kuwa amepungukiwa. Kundi lenye watu 200 halikosi watu watano wa kupokezana kazi hiyo. Mtu akileta video na kusema kwa sauti, "Wanangu, huyu ni fundi wa madau wa kwetu, anaeleza jinsi ya kukalafati, mmoja wenu aniandikie", ametimiza sharti. Asiyetimiza ni yule mwenye shahada mbili aliyetuma video ya saa nzima na neno moja.

Twapaswa pia kusema kwamba sharti tunalolizungumzia ni la makubaliano ya wanajumuiya, si la dola. Watanzania wanakumbuka jinsi Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilivyowataka hata wenye blogu kuwa na leseni na kulipa ada, na jinsi baadhi yao walivyoamua kufunga. Amri ya serikali kwamba kila video iwe na maelezo ingekuwa kitanzi kingine cha aina hiyo, nasi tungeipinga. Video inayoonyesha askari akimpiga raia itumwe kwanza. Maelezo yatafuata mtumaji akishafika mahali salama. Makundi yanayoshughulika na maafa na dharura yajiwekee kanuni yake.

Sura ya muhtasari wenyewe

Hatupendekezi urefu maalumu. Urefu ukiwekwa, watu wataandika ili kuufikia. Ni bora kutoa kielelezo, na mtu akifuate kadiri ya video yake. Tuseme mtu ameleta mhadhara wa kubuni kuhusu ngeli ya mahali. Angeweza kuandika hivi:

"Dakika 48. Mhadhara wa Kiswahili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mhadhiri hakutajwa jina, tarehe haikuonyeshwa. Anaeleza matumizi ya pa-, ku- na mu- (hadi dakika ya 20), kisha anadai kwamba wasemaji wengi wa mijini wameanza kuacha kutofautisha ku- na mu- (dakika ya 31). Mifano yake yote ni ya Dar es Salaam. Mimi naona dai hilo halijathibitishwa. Sehemu ya maswali sikuitazama."

Hayo ni maneno yasiyozidi 60, na sentensi mbili za mwisho ndizo tunazozithamini kuliko zote. Ya kwanza inatenga maoni ya mletaji na ya mhadhiri. Ya pili inasema ukweli kuhusu mipaka ya utazamaji wake, jambo ambalo hata baadhi ya wahakiki wa vitabu hawalifanyi. Wanakundi wengine wakigundua kosa, waandike sahihisho chini yake, na mletaji alikubali au alijibu, kama muhtasari wa kikao uthibitishwavyo.

Idara za Kiswahili zina sehemu yake katika jambo hili. Zoezi la ufupisho katika mitihani yetu kwa kawaida humpa mwanafunzi matini andishi, fupi, iliyokwisha kupangwa kwa aya na kusafishwa na mtungaji wa mtihani. Usemi hauko hivyo. Msemaji hurudia, hukatiza, hucheka, hujisahihisha, husema jambo zito kwa methali na jambo jepesi kwa dakika kumi. Kuufupisha ni ujuzi mwingine, na hatuufundishi vya kutosha. Tunapendekeza kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya Kiswahili apewe, badala ya mojawapo ya insha zake za muhula, rekodi ya dakika thelathini ya msemaji wa eneo anakotoka, airekodi mwenyewe kwa ridhaa ya msemaji, na aiandikie muhtasari ambao msemaji huyo atasomewa na kuulizwa kama ndivyo alivyosema. Majibu ya msemaji yaambatishwe, pamoja na masahihisho yake, na alama zitolewe kwa hayo pia.